Kondo wa Masaki, Mpiga Bendera

Siku niliyoripoti kazini mara ya kwanza, nilimkuta mtu mzima amesimama peke yake katikati ya uwanja wa kambi, jua la mchana liko utosini, anarusha mikono huku na huku kama anayefukuza nyuki. Nikamwuliza askari wa getini kama yule bwana alikuwa na akili timamu. Akanijibu bila kugeuza shingo, "Timamu kabisa. Anasoma."

Mtu huyo ndiye Kondo bin Shomari, Mzaramo wa Masaki. Masaki ya Kisarawe nasema, si ile ya mjini. Mimi ni Elia, mtoto wa Maneromango, niliyesomeshwa na misheni tangu nikiwa na meno ya utoto. Wajukuu zangu wameniomba niandike habari za kazi nilizofanya enzi za Mwingereza, na nimejaribu mara kadhaa kuzianza bila kumtaja Kondo. Nimeshindwa. Kila nikishika kazi moja ili niieleze, namkuta yumo ndani yake.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Wazungu. Serikali ilikuwa ikiandika watu wa kikosi cha majini pale Dar es Salaam, na waliojua kusoma na kuandika walipelekwa upande wa ishara. Kusoma nilijua. Bahari sikuijua. Chombo pekee nilichowahi kupanda ni mtumbwi wa kuvukia Mto Ruvu, na hata huo niliupanda nimefumba macho.

Mkubwa wetu wa kazi tulimwita Bwana Ishara, Mwingereza mfupi mwenye sauti kavu. Asubuhi ya kwanza alitupanga mstari, akatupa kila mmoja bendera mbili ndogo zenye vipini, nusu nyekundu, nusu manjano. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hapa mdomo ni wa kulia chakula. Kazi tunafanya kwa macho. Meli mbili zikiwa mbali, hakuna sauti inayofika. Mkono unafika."

Nieleze kidogo, maana vijana mna simu mifukoni na mambo haya hamkuyaona. Katika ishara za bendera, kila herufi ina mkao wake wa mikono. A, mkono wa kulia unashuka pembeni kidogo. B, unanyooka sawa na bega. C, unapanda. D, unasimama wima juu ya kichwa. Herufi saba za mwanzo ni za mkono mmoja. Zinazofuata zinataka mikono yote miwili, na hapo ndipo wengi walipochanganyikiwa wakarudishwa jikoni kumenya viazi. Ujumbe wenyewe mara nyingi ulikuwa wa Kiingereza, lugha ambayo mimi na Kondo tuliijua nusunusu. Haikudhuru. Mpiga ishara anasoma herufi na kuzitamka, mwenzake anaandika, maana ni ya mkubwa.

Kondo alinizidi umri. Alikuwa na mke, Tatu binti Mfaume, na watoto wawili wadogo pale Masaki. Alikuwa amejifunza herufi kwa shida, kidogo chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kidogo shule ya serikali, na ndiyo sababu hakutaka kupumzika mchana wenzake walipolala. Aliogopa kurudishwa. Aliniambia mapema kabisa, "Bwana Elia, mimi sikuja hapa kutafuta vita. Nimekuja kwa sababu mvua ilikosea, na watoto hawali udongo."

Tulipopata ruhusa ya kutoka, wengi wetu tulikwenda mjini kwenye dansi na vilabu vya pombe. Kondo alivua viatu vya kikosi, akavitia begani pamoja na sabuni na sukari, akashika njia ya Pugu kwa miguu, akapanda vilima hadi Kisarawe, kisha akateremka kwao. Alifika kwao, akalala, akaamka kurudi. Vijana walimtania kwamba mkewe amemtilia dawa kwenye uji. Yeye akawajibu, "Ningemjua mganga aliyeitengeneza ningempelekea kuku." Mimi nami nilikuwa nimeoa, mke wangu Rehema alikuwa nyumbani kwa wazazi wangu, lakini niliona likizo ni mali ya mtu na miguu ni mali ya mtu, nisivitese vyote viwili kwa pamoja.

Baada ya mafunzo tulipangiwa meli moja. Kazi yake ilikuwa kufagia. Msicheke. Adui hutega mabomu majini, kila bomu likiwa limefungwa mnyororo unaolishikilia chini, lisionekane. Meli ya kufagia huburuta nyuma yake waya mrefu wenye makasi. Waya ukipita, makasi hukata mnyororo, bomu huibuka juu kama boga. Hapo watu wa bunduki hulipiga kutoka mbali, lizame au lilipuke, njia ibaki salama kwa meli za mizigo. Meli zilikwenda kwa jozi, na aliye mbele lazima aseme na aliye nyuma kila mara: geuka, subiri, punguza mwendo, kuna kitu kulia kwako. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu sisi wa bendera, mmoja akitoa, mwingine akipokea na kuandika.

Siku moja bahari ilikuwa imetulia. Kondo alisimama juu, kando ya Kepteni wa meli, bendera mkononi. Mimi nilikuwa nyuma yake na kalamu. Makasi yakakata, bomu likaibuka karibu mno, na mkondo ukawa unalisukuma kuelekea meli mwenzetu. Kepteni akatoa amri, na Kondo akaanza kuipeleka: geuka kushoto, geuka sasa. Watu wa bunduki walikuwa tayari wameanza kufyatua. Sote tulilala chini tukaziba masikio. Kondo mikono yake ilikuwa kazini, hangeweza kuziba kitu. Nilimwona kwa jicho la pembeni amesimama wima, herufi baada ya herufi, kama yuko uwanjani. Meli mwenzetu ikaanza kugeuka. Ndipo bomu likalipuka.

Maji yalitupiga, meli ikalala ubavu, ikainuka. Tulipoinua vichwa, Kondo alikuwa amepiga magoti, na mikono yake bado inamalizia neno. Damu ilikuwa inatiririka kutoka masikioni hadi kwenye ukosi wa shati. Nikamkimbilia, nikamwita kwa nguvu zangu zote. Akanitazama, akawatazama wengine waliokuwa wanapiga kelele kila upande, akauliza kwa mshangao, "Kwa nini nyote mnanong'ona?"

Kusikia hakukurudi. Daktari wa kikosi alimwangalia siku nyingi, akamtilia dawa, mwisho akatikisa kichwa. Kepteni alituita wote wawili, maana mimi sasa nilikuwa ndiye masikio ya Kondo. Mkubwa alisema neno, mimi nikaliandika hewani kwa mikono, Kondo akajibu kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu hakujua tena kuipima.

"Mwambie amefanya kazi nzuri," Kepteni akasema. "Watu wa meli ile wote wazima."

Nikamwambia. Kondo akajibu, "Namshukuru. Mwulize sasa nitafanya kazi gani."

Kepteni akageuka, akatazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. "Mwambie aende nyumbani akapumzike," akasema.

Nilipewa ruhusa nimsindikize. Tulipanda vilima vya Pugu bila kuzungumza, kwa kuwa mtu anayepanda mlima na mzigo hana mikono ya kusemea. Tulipokaa kupumzika karibu na Kisarawe, Kondo alivunja ukimya mara moja tu. "Elia," akasema, "Tatu hajui kusoma."

Nilielewa alichomaanisha. Mimi na yeye tulikuwa na herufi. Na mkewe atakuwa na nini?

Tulipokelewa kwa vilio. Wanawake walimlilia kana kwamba amekufa, naye alisimama katikati yao akiwatazama midomo. Mara watu wakaanza kutoa maoni. Mmoja akasema ni jini la bahari, apungwe. Mwingine akasema masikio yamezibwa na maji ya chumvi, atiwe mafuta ya nazi ya moto. Watoto wake wakawa wanamwita "Baba, Baba", na asipogeuka wakamwogopa.

Siku ya pili baba mkwe wake, Mzee Mfaume, aliitisha kikao. Alikuwa mtu mkali, mwenye mashamba na neno linalosikilizwa. Tukakaa barazani, wanaume upande mmoja, Tatu na mama yake kwenye mkeka mlangoni. Mimi niliwekwa mbele ya Kondo ili nimfikishie maneno.

"Mimi simlaumu mkwe wangu," Mzee Mfaume akaanza. "Yaliyompata ni amri ya Mungu. Lakini mke na mume ni mazungumzo. Binti yangu bado kijana. Atazungumza na nani ndani ya nyumba hii? Nasema arudi kwangu kwa muda, na watoto, huku tukitazama."

Sikumficha Kondo hata herufi moja. Alisoma mpaka mwisho. Akajibu kwa sauti yake kubwa iliyowashtua kuku, "Baba, nimesikia. Mimi sina la kusema. Aulizwe mwenyewe."

Watu wote wakamgeukia Tatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, na tangu kikao kianze hakuwa ametazama uso wa mtu yeyote. Alikuwa akiitazama mikono yangu.

"Shemeji Elia," akaniuliza, "hayo unayofanya, mtu asiyejua kusoma anaweza kujifunza?"

"Ni herufi, shemeji," nikamwambia. "Lazima mtu ajue herufi kwanza."

"Basi nitazijua."

Baba yake akakohoa. "Tatu, mimi nimekuuliza habari ya kurudi nyumbani."

"Nimejibu, baba," akasema.

Niliongeza siku zangu pale kadiri ruhusa ilivyoniruhusu. Kila asubuhi, Tatu akishatoka kisimani, tulisimama uani, mimi nikimwonyesha mkao na kuitamka herufi, Kondo akimshika kiwiko na kumnyoosha. Tatu alijifunza A kwa mkono kabla hajaiona karatasini. Mpaka leo sijakutana na mtu mwingine aliyejifunza kusoma kwa njia hiyo. Nilipoondoka alikuwa amefika G, na nilijua mikono miwili itamshinda, kama ilivyowashinda vijana wengi wenye elimu.

Baada ya miezi mingi nilirudi Masaki kuwatazama. Nilipokaribia mashamba ya mpunga nilikutana na bibi mmoja, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba na hapohapo akanishika mkono. "Mjukuu wangu, nyumba ile imepata balaa jingine. Mume kiziwi, sasa na mke ameingiwa na wazimu. Anaamia ndege, anawafukuza mahali pasipo na ndege."

Nikatazama alikoonyesha. Tatu alikuwa amesimama kwenye tuta, hana bendera wala kitu, anarusha mikono. Mbali kule ng'ambo ya bonde Kondo alikuwa na jembe begani. Nikasoma herufi moja moja: N, J, O, O, U, L, E. Njoo ule. Kondo akainua mkono, akashuka kuja kula.

Vita ilipokwisha tuliachishwa kazi, tukarudi kila mtu kwao. Mimi nilikaa shambani kwa muda, kisha nikasikia serikali inapanua barabara ya Morogoro na kuitia lami, nikaenda kujiandikisha kambi ya Kibaha. Kibaha ya siku hizo haikuwa na ofisi wala maduka mnayoyaona. Ilikuwa pori, mihogo na vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye meno. Kwa kuwa nilikuwa nimetumika kikosini, nikafanywa nyapara wa kundi la vibarua. Mkubwa wa kambi alikuwa Bwana Injinia, na kati yetu na yeye alikuwapo nyapara mkuu, mtu mnene, mtiifu kwa wakubwa na mkali kwa wadogo.

Kutengeneza barabara inayotumika ni kazi ya hila. Unafunga upande mmoja unaouchimba na kuushindilia, unaacha upande mmoja wa kupitia magari, na huo hautoshi magari mawili. Kwa hiyo unaweka mshika bendera kila mwisho: nyekundu simama, kijani pita. Pale paliponyooka hapana taabu. Sisi tulikuwa na kona moja iliyopinda kama kiwiko kulizunguka bonde. Mwanzo wake na mwisho wake vilitazamana juu ya bonde, lakini mbali, sauti haifiki, na aliye katikati haonekani na yeyote.

Kwanza tulijaribu kijiti. Gari la mwisho kutoka upande huu hupewa kijiti likakikabidhi upande wa pili, ili yule ajue magari yamekwisha. Dereva mmoja wa lori la mchanga akasahau, akaenda nacho Morogoro, magari yakasimama mpaka watu wakaanza kupika kando ya barabara. Tukaacha kijiti, tukawaambia washika bendera watazamane. Siku moja kila mmoja akadhani mwenzake ameinua nyekundu. Malori mawili yakakutana uso kwa uso katikati ya kona, moja likaangukia mtaroni kwa vibarua wangu. Kijana mmoja alivunjika mguu, akabaki kilema.

Bwana Injinia alikuja pale, akasimama juu ya lori lililolala, akaniambia, "Nyapara, nitafutie watu wanaoweza kusemezana kutoka hapa hadi kule. Si kupunga tu. Kusemezana."

"Yupo mmoja, bwana," nikasema. "Tulikuwa naye majini. Lakini ni kiziwi."

"Kiziwi? Barabarani?"

"Ndiyo bwana. Mwenye masikio huwa anangoja asikie gari, ndipo atazame. Yule anatazama siku zote."

Akalitazama tena lori lililolala. Akasema nimlete.

Kondo alikuja na nguo zake mbili na uso wa mtu asiyetaka kutumaini mapema. Tangu arudi kutoka baharini hakuna aliyekuwa amempa kazi. Nilimweka mgongo wake ukiegemea ukingo uliochimbwa, gari lisimtokee nyuma, na akaonyesha tangu saa ya kwanza kwamba anaiona dalili ya vumbi kabla sisi hatujasikia mngurumo. Tabu ilikuwa mwisho wa pili. Mimi singeweza kuacha kundi langu. Tulijaribu kuwafundisha vibarua herufi. Walijitahidi, wakachoka, mmoja akaniambia waziwazi kuwa heri kupasua mawe.

Kondo akasema, "Mleteni Tatu."

Nyapara mkuu alikataa katakata. "Mwanamke asimame barabara ya serikali awazuie madereva? Watamtukana. Na wakimtukana, mumewe hatasikia. Hiyo ni aibu juu ya aibu."

Maneno hayo sikutaka kumfikishia Kondo, ila alikuwa amekwisha kuyasoma usoni mwa msemaji. Akasema taratibu, kwa mara ya kwanza sauti yake ikiwa imekaa kiasi, "Bwana mkubwa, mimi sikumzuia Kepteni asinitume. Na mimi sitamzuia mke wangu. Mwulizeni."

Bwana Injinia akaamua ajaribiwe mpaka mvua zianze. Tatu akaja Kibaha na watoto, wakapewa kibanda kando ya kambi. Alifunga kanga yake barabara, akavaa nyingine kichwani, akachukua bendera zake. Siku ya kwanza madereva walimpigia honi na kumwambia yasiyoandikika.  Alisimama mbele ya lori, nyekundu imenyooka, akamtazama dereva mpaka akazima injini. Kisha akageukia bonde, mikono ikaanza kusema: magari manne yanakuja, la mwisho limebeba bati. Kule ng'ambo Kondo akajibu: subiri, mashine ya kushindilia imeharibika njiani. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo hakuna magari yaliyokutana tena kwenye kona ile.

Mzee Mfaume alizipata habari hizo kule Kisarawe, akakasirika sana. Binti yake, ambaye yeye alikwisha kumvumilia abaki na kiziwi, sasa anasimamishwa njiani mbele ya wanaume. Akapanda lori la mkaa kuja kumchukua. Mimi nilikuwa upande wa Tatu siku hiyo, napima kina cha mtaro, nikaliona lori linapunguza mwendo na mzee amekaa mbele, kofia imemkaa sawa, fimbo kati ya magoti.

Tatu akainua nyekundu. Lori likasimama. Akamwona baba yake.

"Shikamoo baba," akasema, na akainama kwa adabu, lakini bendera haikushuka.

"Marahaba. Waambie watupishe."

"Njia haijafunguka, baba."

"Mimi ni baba yako."

"Najua, baba. Kuna basi katikati, limejaa watu."

 Mzee alikaa juani ndani ya lori, jasho linamtoka, akimtazama binti yake anavyogeukia bonde na kuinua mikono, na kule mbali mtu mdogo kama sindano akimjibu. Nadhani alikuwa hajapata kuwaona wawili hao wakizungumza. Muda ukapita, basi likatokea kwenye kona, likapita taratibu, kina mama wenye watoto mapajani, vikapu vya kuku juu. Dereva wake akampungia Tatu mkono. Ndipo kule ng'ambo Kondo akasema jambo, Tatu akashusha nyekundu, akainua kijani.

"Karibu, baba. Pita," akasema.

Jioni tulikula pamoja kibandani kwao. Mzee Mfaume hakugusia habari ya kumchukua mtu. Alikula, kisha akamwuliza bintiye, "Alisema nini yule, kabla hujaturuhusu?"

"Alisema njia nyeupe. Na akasema lori la mkaa lina mgeni mwenye kofia nzuri, nikuchinjie kuku."

Mzee alimtazama mkwewe aliyekuwa anamtenganishia mtoto mifupa ya kuku. Akasema, "Nionyesheni shikamoo mnaifanyaje." Wakamwonyesha. Mikono yake ya kizee ilikosea, Kondo akamshika kiwiko, akamnyoosha kama alivyomnyoosha mkewe.

Kona ile walifanya kazi wote wawili mpaka lami ilipokwisha. Niwaambie na siri ya kazi. Kati ya gari na gari palikuwa na nafasi ndefu, na nafasi hizo hawakuziacha bure. Wenye magari walidhani wanaona mambo ya serikali. Mimi niliyekuwa katikati na mtaro wangu nilisoma: mtoto homa imeshuka? Chumvi imekwisha. Umependeza leo. Nikajifunza kutazama pembeni, kama mtu anayepita chini ya dirisha la jirani.

Barabara ilipokamilika hapakuwa tena na kazi ya bendera. Bwana Injinia aliwashika mikono wote wawili. Walipata kipande cha ardhi upande wa Pangani, hapahapa Kibaha, wakapanda mihogo na mikorosho, wakasomesha watoto. Binti yao mkubwa akaenda ualimu. Mimi nilihamishiwa kwingine, nikajenga makalvati na vidaraja hadi Kwala, ambako mgongo uliniambia basi, nikastaafu, nikajenga nyumba na kukaa.

Wakati mwingine vijana huniuliza ni mkubwa gani aliyenifundisha kazi. Namheshimu Bwana Ishara, namheshimu Bwana Injinia. Lakini kazi ni kumfikishia mwenzako jambo kama lilivyo, asidhurike, na hilo nililiona zaidi kwa mtu aliyekuwa chini yangu kwa cheo. Wengine husema Kondo alikuwa shujaa wa vita. Hakupenda neno hilo. Medali aliyopewa aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na watoto wakaichezea mpaka utepe ukakatika. Alichojivunia ni kwamba watoto wake hawakulala njaa, na kwamba usiku hakutaka kwenda kwingine ila nyumbani kwake.

Kondo alifariki mikorosho ikiwa katika maua. Nilikwenda mazishini, nikasimama pamoja na Waislamu kaburini, nikatupa udongo wangu. Na Tatu sikuzungumza naye siku hizo, alikuwa katika eda. Nilisubiri eda iishe, ndipo nikaenda Pangani kumpa pole vizuri. Alinipikia kahawa, tukakaa ukumbini na binti yake. Alikuwa amekonda, lakini mwenye utulivu.

"Watu wananipa pole ya kufiwa," aliniambia, "na wengine wananipa pole ya miaka niliyoishi na kiziwi. Ya kwanza naipokea. Hiyo ya pili sijui niiweke wapi. Shemeji, mtu mwenye masikio anaweza kukusikiliza huku anafunga mpini wa jembe. Kondo hakuweza. Nikitaka kumwambia neno, hata la chumvi, ilimlazimu aache kila kitu anitazame. Nimetazamwa mimi, miaka yote ile."

 Nikamaliza kahawa, nikaaga.

Nilifika Kwala jioni. Rehema alikuwa jikoni, na aliposikia hatua zangu akaanza kunisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye mihogo. Nilikaa barazani, nikavua viatu, nikaitikia "ee" kama nilivyozoea kuitikia tangu ujana wetu. Akaendelea, nikaitikia tena. Kisha nikainuka, nikachukua kigoda, nikaenda kukaa mlangoni mwa jiko, mahali ninapomwona uso.

Akanyamaza, akanitazama. "Una njaa?"

"Hapana," nikasema. "Endelea. Huyo mbuzi aliingilia wapi?"